Tumeni fedha kwa mashemasi, si marobota ya nguo

Kanisa lililo jirani na mapigano hugeuka kambi kabla wazee hawajapata nafasi ya kuitisha kikao. Watu huingia usiku, mabenchi yanasogezwa ukutani, na kufikia asubuhi wamelala hadi mbele ya madhabahu. Makanisa ya mbali yakipata habari huguswa, kisha yanaanza kukusanya nguo. Hapo ndipo huduma nyingi hupotea njia.

Mitumba hula nauli na kukwama kwenye vizuizi vya barabarani. Ikifika inataka ghala, mlinzi na watu wa kuichambua, ndio walewale ambao wangekuwa wanachota maji. Fedha hufika upesi na, mradi soko la karibu bado liko wazi, hununua kinachopungua leo. Waumini wa Antiokia, katika Matendo 11, walichanga kila mtu kwa kadiri alivyojaliwa, na mchango ukakabidhiwa wazee wa Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Utaratibu huo bado unafaa.

Kabla ya kuahidi kiasi, pigeni hesabu pamoja na mashemasi wa kule. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na watoa misaada, vinataka angalau mita za mraba 3.5 za makazi kwa kila mtu na lita 15 za maji kwa siku. Ukumbi wa mita 20 kwa 10 basi unatosha watu 57, na watu hao wanahitaji madumu 43 ya lita 20 kila siku. Choo ni kimoja kwa watu 50 mwanzoni, kisha kimoja kwa 20. Watu wakizidi hapo, fedha zielekezwe kwa familia za washirika zilizopokea wageni nyumbani. Hao husahaulika kabisa kwa kuwa hawaonekani kwenye foleni, ilhali sufuria yao moja sasa inalisha nyumba mbili.

Maji nayo yana mtego wake. Klorini ikitiwa kwenye maji ya tope huishia kwenye tope, vijidudu vikabaki. Yaacheni yatulie, yachujeni kwa kitambaa safi, tieni dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha subirini dakika 30. Maziwa ya unga ya watoto msiyatume kiholela: yakikorogwa kwa maji machafu huleta kuhara, na mama akiyategemea, maziwa yake mwenyewe hupungua.

Kuhusu hesabu, Paulo katika 2 Wakorintho 8 alijihadhari asije akalaumiwa kwa mchango aliokuwa akiusimamia. Daftari la mgao lishikwe na watu watatu, wakiwemo wanawake, na mchungaji asikae na funguo peke yake. Penye njaa, uvumi tu kwamba ndugu zake wanapewa kwanza unatosha kuligawa kanisa. Wala mtu asiambiwe aingie ibadani ndipo apate unga. Mwenye njaa hana uhuru wa kukataa, na imani ya namna hiyo tunaikataa sisi.

Tunawasihi pia wafadhili waache kudai picha. Picha ya foleni mbele ya jengo humwonyesha mwenye silaha mahali watu walipokusanyika, na simu nyingi huhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa. Ombeni risiti na nakala ya daftari iliyofichwa majina. Na kiasi mlichonuia kutuma chote wiki ya kwanza, kigawanyeni kwa miezi 12, kwa sababu michango hukauka mapema huku wakimbizi wangali wamelala ukumbini.