Majambazi wa Kukodi: Vidonge vya Miami, Wigi la Léopoldville

Agosti 1960, Richard Bissell, mkuu wa operesheni za siri wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, alimuuliza Kanali Sheffield Edwards wa ofisi ya usalama ya shirika hilo kama anao watu wa kusaidia kazi nyeti inayohitaji mbinu za kijambazi. Mlengwa alikuwa Fidel Castro, kiongozi wa Cuba. Habari hii haikuzuka kwenye kijiwe cha kahawa. Imo katika waraka wa CIA wenyewe, uliotolewa hadharani Juni 2007. Katika madai yote kwamba dola na magenge hula sahani moja, hili ndilo lenye karatasi, na ndiyo maana linafaa kupimwa kabla ya mengine.

Wasomaji wake wamegawanyika. Wapo wanaosema ilikuwa aibu ndogo ya Vita Baridi: wakubwa wachache waliingiwa na kiwewe juu ya Cuba, wakajaribu, wakashindwa, yakaisha. Wengine wanaona ni dirisha lililosahauliwa wazi, na ukichungulia ndani utaikuta Mafia (magenge ya wahalifu ya Marekani, si kisiwa chetu cha Pwani) imeshika funguo za nyumba nzima: uchaguzi, Ikulu, hata risasi za Dallas zilizomuua Rais John Kennedy. Karatasi haziwapi ushindi kamili wowote kati yao. Ila wale wa "aibu ndogo" zinawaumbua zaidi kuliko wanavyopenda kukiri.

Tazama mnyororo ulivyofungwa. Edwards hakumwendea jambazi mwenyewe. Alimtumia Robert Maheu, mpelelezi wa zamani wa FBI, idara ya upelelezi wa jinai ya Marekani, ambaye CIA ilikuwa imemlipa dola 500 kwa mwezi. Maheu akamfuata Johnny Roselli, mtu wa magenge ya Los Angeles na Las Vegas, akiwa na hadithi ya kutunga: kuna wafanyabiashara waliopata hasara Cuba, wako tayari kutoa dola 150,000 Castro aondolewe. Roselli alisema hataki malipo. Huko Miami akawaleta wawili, "Sam Gold" na "Joe". Maheu alikuja kuwatambua kwa picha zao gazetini: Sam Giancana, bosi wa Chicago, na Santo Trafficante, mtu wa kasino za Havana. Mapinduzi ya 1959 yaliyomweka Castro madarakani yalikuwa yamewakata magenge mrija wa Havana, kwa hiyo kazi ya bure haikuwa ya bure kweli. Na kila pingili ya mnyororo ule iliwekwa ili aliye juu yake aweze kuapa kwamba hakujua. Idhini zilitolewa kwa mdomo, kwa lugha ya mafumbo.

Bunduki walizikataa. Giancana alieleza kwamba hapatikani mtu wa kupiga risasi mahali asipoweza kutoroka, akaomba kidonge cha kutia kwenye chakula au kinywaji. Mafundi wa CIA wakatengeneza vidonge vya sumu ya botulini. Vya kwanza havikuyeyuka kwenye maji. Vilivyofuata vilijaribiwa kwa nyani, vikafanya kazi. Vidonge sita vikapelekwa kwa Juan Orta, ofisa wa Cuba aliyekuwa na njia ya kumfikia Castro na ambaye zamani alikuwa akipata mgawo wake kutoka biashara ya kamari. Havikutumika. Orta alipoteza cheo chake Januari 1961, na pamoja nacho njia ya kumfikia mkubwa. Kiungo kilichomfanya apatikane kwa urahisi, yaani bahasha za kasino, ndicho mapinduzi yalichokuwa yanakikata. Magenge yaliiuzia CIA mlango ambao tayari ulikuwa unafungwa, na CIA haikuwa na namna ya kukagua bidhaa kabla ya kununua.

Siri nayo haikukaa. Tarehe 18 Oktoba 1960 J. Edgar Hoover wa FBI alimwandikia Bissell kwamba Giancana anawatambia marafiki: Castro ataondolewa hivi karibuni, na muuaji ameshakutana naye mara tatu. Hayo yalisikika wiki chache tu tangu watu hao waanze kukutana.

Kisha ikaja Las Vegas. Giancana alikuwa na mpenzi mwimbaji, na alishuku kwamba mchekeshaji mmoja anamnyemelea. Ili kumridhisha, Maheu akapanga mtu atege vifaa vya kunasa sauti katika chumba cha hoteli cha yule mchekeshaji. Tarehe 31 Oktoba 1960 fundi alitoka akaacha vifaa vyake vimetandazwa. Mfanya usafi akaingia, akaviona, sherifu akaitwa. Wivu wa jambazi mmoja ukawa faili la FBI, na faili hilo likaelekea moja kwa moja kwenye njama ya kumuua kiongozi wa nchi.

Hapa ndipo bei halisi ya biashara hii inapoonekana, nayo haikuwa zile dola 150,000. CIA iliitaka Wizara ya Sheria isiendelee na mashtaka kwa sababu yangefichua mambo ya usalama wa taifa, na mashtaka yakafa. Tarehe 7 Mei 1962 Edwards na mwanasheria mkuu wa CIA, Lawrence Houston, walimweleza Robert Kennedy, Mwanasheria Mkuu wa Serikali na mdogo wake rais, yaliyotokea. Alikasirika, akawaambia wakitaka tena kushirikiana na majambazi wamjulishe kwanza. Wakamwambia mpango umekwisha. Mwezi mmoja tu nyuma, Aprili, William Harvey wa CIA alikuwa amempa Roselli vidonge vingine vinne. Huko Miami lori dogo la kukodi lilipakiwa milipuko, viwashio, bunduki, redio na rada ya boti, mzigo wa kama dola 5,000, likaachwa kwenye maegesho, na ufunguo akapewa Roselli. Ukitaka kujua nani alikuwa anamsimamia nani, anzia kwenye ufunguo ule.

Lakini wanaosema Mafia iliiweka CIA mfukoni wana kikwazo chao. Novemba 1970 Roselli, akiwa amekwisha kutiwa hatiani kwa wizi wa karata, alipeleka ujumbe kwamba asiposaidiwa atamwaga yote hadharani. Richard Helms, mkurugenzi wa CIA, aliamua kumpuuza, na Januari 1971 habari zikatoka magazetini. Mtu aliye mfukoni hamwachi bosi wake apige kelele namna hiyo.

Dai la uchaguzi wa 1960 ndilo dhaifu kuliko yote, ingawa linapendwa sana. Inasemwa Giancana alimnunulia John Kennedy jimbo la Illinois. Kennedy alilipata kwa tofauti isiyofika kura 9,000, na mitambo ya kisiasa ya Chicago haikuwa na sifa ya usafi, hilo sibishi. Ila piga hesabu. Kennedy alipata kura 303 za wajumbe wa majimbo, ambao ndio humchagua rais, Illinois ilikuwa na 27, na zilizohitajika ni 269. Toa Illinois nzima, anabaki na 276, bado ni rais. Aliyetaka kumdai Kennedy Ikulu kwa sababu ya Illinois alikuwa anadai deni lisilokuwepo. Na kama deni lilikuwepo, lililipwa vibaya, maana Robert Kennedy aliwaandama wakubwa wa magenge, na FBI ilimfuata Giancana kila alikokanyaga.

Kuhusu Dallas, kamati ya Baraza la Wawakilishi ilisema mwaka 1979 kwamba huenda rais aliuawa kwa njama na kwamba haiwezi kuondoa uwezekano wa watu binafsi wa magenge kuhusika. Wengi husoma mpaka hapo. Nguzo ya njama katika hitimisho lile ilikuwa uchunguzi wa sauti uliodai kulikuwa na mpiga risasi wa pili, na mwaka 1982 jopo la wanasayansi wa Chuo cha Taifa cha Sayansi liliubomoa. Kinachobaki ni uadui na motisha, na hivyo havitoshi kumtia mtu hatiani.

Shaka moja siwezi kuipuuza. Giancana alipigwa risasi nyumbani kwake Oak Park tarehe 19 Juni 1975, kabla ya kuhojiwa na kamati ya Seneti chini ya Frank Church, iliyokuwa ikichunguza njama hizi za CIA. Roselli alitoa ushahidi, na Agosti 1976 mwili wake ukapatikana ndani ya pipa kwenye maji ya Florida. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji yoyote kati ya hayo. Lakini magenge yenyewe yalikuwa na sababu tele za kuwanyamazisha, bila ombi la Washington.

Ripoti ya kamati hiyo, ya Novemba 1975, ilikuta angalau njama nane za CIA dhidi ya Castro kati ya 1960 na 1965, wala haikuweza kuthibitisha kwamba rais yeyote aliziamuru. Sehemu inayotuhusu zaidi huku kwetu ni ile ya Kongo. Septemba 1960 mkemia wa CIA, Sidney Gottlieb, aliwasili Léopoldville (Kinshasa ya leo) na sumu iliyokusudiwa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Haikutumika, ikaishia Mto Kongo. Wakaletwa pia wahalifu wawili kutoka Ulaya. Mmoja, aliyepewa jina la siri WI/ROGUE, alikuwa mghushi na mwizi wa zamani wa benki, akafanyiwa upasuaji wa sura na kuvalishwa wigi asitambulike. Alipanga hoteli ileile ya mwenzake QJ/WIN bila kujua kwamba naye ni wa CIA, akamtaka ajiunge na kikosi cha wauaji kwa dola 300 kwa mwezi. QJ/WIN akaenda kumshitaki kwa mabwana zao.

Lumumba aliuawa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, tarehe 17 Januari 1961, mikononi mwa Wakatanga na maofisa wa Kibelgiji, na kamati haikuona ushahidi kwamba CIA ilishiriki katika mauaji yenyewe.

Februari 1976 Rais Gerald Ford alipiga marufuku mfanyakazi wa serikali kushiriki mauaji ya kisiasa au kula njama ya kuyafanya. Katazo hilo lilikuwa sentensi moja. Kuhusu kukodi majambazi, halikuwa na neno.