Jenga kibanda uani, lenzi kubwa isubiri

Kila nikionyesha picha ya ndege chozi, swali la kwanza ni lile lile: umetumia lenzi gani? Watu hutarajia nitaje bomba la milimita 600 la kuvuta vitu vya mbali, la bei ya gari. Yangu ni ya 300, tena ya mtumba. Kinachonipa picha ni kibanda cha uani ninamojificha: fito nne, neti ya kivuli ya kitalu, magunia mbele, na stuli ya jikoni ndani.

Ukiwa mita nne kutoka kwa ndege, unyoya mmoja mmoja unaonekana. Ukiwa mbali kwenye jua la saa sita, hata lenzi ghali inapiga hewa inayochezacheza kwa joto. Richard na Cherry Kearton, ndugu wawili wa Uingereza, walijua faida ya kusogea zaidi ya miaka mia iliyopita. Walitandaza ngozi ya ng'ombe juu ya fremu ya mbao, kisha mpiga picha akaingia tumboni na kamera yake. Ng'ombe mzima malishoni!

Uani hakuna haja ya ng'ombe. Ndege walishazoea banda la kuku, na kibanda kipya nacho watakizoea. Wanachoogopa ni umbo la mtu na mkono unaosogea. Kazi iko kwenye kuingia: shorewanda akikuona, atapiga kelele juu ya mpera mpaka mtaa mzima ujue. Dawa ni kuingia wawili, kisha mmoja atoke aende zake. Mara nyingi ndege huona mtu ameondoka, wakashuka. Mama watoto hulalamika, lakini huja.

Wakati wa kiangazi mimi huweka beseni la maji ya kina kifupi kabla ya kufikiria mtama. Chozi hutaka maua ya shubiri, shorewanda papai lililoiva. Chomeka kijiti kikavu karibu na maji. Ndege hupenda kutua hapo kwanza akague usalama, na hapo ndipo pa kumpigia. Nyuma yake pawe wazi, la sivyo utapata chozi maridadi na choo cha jirani.

Nisichokubali ni kucheza sauti ya ndege kwenye simu ili dume aje, wala kukata majani yanayoficha kiota. Dume huacha kulisha makinda akatafute mpinzani asiyekuwepo. Kiota kikiachwa wazi, kunguru hukiona, na jua huwachoma makinda. Picha za namna hiyo sizisifii, hata ziwe kali vipi.