Muuaji wa Namba 14

Kabla hamjaendelea kusambaza ile sauti aliyoirekodi Swaibu, mkisema nimekamatwa kama muuaji, nisikilizeni kwanza mimi niliyekuwa ndani ya teksi. Sikukamatwa. Niliulizwa maswali. Ni vitu viwili tofauti, hata kama maswali yenyewe niliyajibu nikiwa nimechuchumaa.

Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, na chuoni wametaka wanaosoma sayansi waeleze fani zao kwa Kiswahili, dakika 5, bila kukimbilia Kiingereza. Mimi mtoto wa Busia nikawa wa kwanza kunyoosha kidole. Nikachagua jeni ninayoisoma (jeni ni kipande cha maelekezo ya mwili tunachorithi), GZMB, ile inayotoa maelekezo ya kutengeneza granzaimu B, protini ya kinga ya mwili. Juzi narudi Kampala kutoka nyumbani, nikachomeka spika za masikioni, nikampigia binamu yangu Swaibu anisikilize, nikaanza mazoezi. Mwenye spika masikioni hajui sauti yake imepanda kiasi gani. Sasa najua.

Teksi yetu ya Uganda ni basi dogo; ilijaa, watu 14 kama ilivyoandikwa ubavuni, na wawili ambao hawakuandikwa popote. Pembeni yangu alikaa bibi mmoja wa Kiganda aliyepandia Jinja, kavaa gomesi, lile gauni la Kiganda, ya zambarau, anakohoa tangu tuvuke Nile. Hakuna aliyenijali mpaka tukaingia msitu wa Mabira. Huko ndiko nilikofikia patamu. Nawapa neno kwa neno, maana Swaibu alirekodi:

"Muuaji huyu hana papara. Anapita akikagua mmoja mmoja. Akimkuta aliyeingiliwa na virusi, anamkumbatia kwanza."

Bibi akakohoa.

"Akishamkumbatia, anamtoboa. Matundu madogo tu. Anapenyeza silaha yake, inakatakata humo ndani mpaka mhanga anajiua mwenyewe. Hakuna kelele, majirani hawashtuki. Wanakuja wa usafi, wanamla, hakibaki kitu."

Dereva akazima redio. Nikadhani ni heshima.

"Na muuaji hadhuriki na silaha yake, ana kinga. Anamwacha huyo, anamwendea mwingine. Tutampata wapi? Namba 14, kwenye mkono mrefu!"

Jamani, nilikuwa naeleza kromosomu, zile nyuzi ndani ya seli zinazobeba jeni! GZMB ipo kwenye mkono mrefu wa kromosomu ya 14. Wauaji ni seli za kinga ya mwili: seli T na wenzao wanaoitwa seli uuaji asilia. Matundu ni kazi ya perforini, protini inayotoboa. Granzaimu B ndiyo mkasi: inakata protini nyingine penye asidi ya aspatiki (moja ya matofali ya protini), inaamsha kaspesi-3, protini ya kubomoa seli, na seli yenye virusi au saratani inajibomoa kimyakimya. Hata nyinyi mnaonicheka, mkasi huo unawalinda hivi sasa. Ila abiria wa 14, kijana aliyedandia Njeru konda akipiga kelele "kumi na nne, twende", alikuwa nyuma ya kisogo changu, na yeye kromosomu hakuisikia.

Mtu wa Tanga ataniuliza kwa nini hawakuniuliza tu. Ndugu yangu, huku Uganda ya kati kwa wazee wengi Kiswahili ni lugha ya mwenye bunduki, awe askari au mwizi wa usiku. Rais Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, na kuna ambao hawajakisamehe hadi leo. Bibi hakuhitaji kuelewa yote. "Muuaji" ilimtosha.

Sasa hapa ndipo ninapotamani ardhi ipasuke. Mwalimu alituambia hotuba imalizie kwa swali, na umtazame msikilizaji mmoja machoni. Mimi mtiifu. Nikageuka taratibu. Nikamtazama bibi. Nikatabasamu, meno yote nje. Nikateremsha sauti, maana niliona inapendeza:

"Na wewe je? Unajua ndani yako wapo wangapi?"

Kikohozi chake kilikatikia njiani. Mkono ukapanda hadi kwenye fundo la gomesi. Macho yakanishuka mpaka kwenye begi nililolipakata, yakapanda tena. Nikaendelea kutabasamu, nilidhani nimemgusa moyo. Ndipo akapasua kwa Luganda: "Katonda wange! Omutemu!" Yaani, Mungu wangu, muuaji! Mkoba ukanipata shavuni, spika zikaruka, na kwa mara ya kwanza tangu Iganga nikasikia jinsi teksi ilivyo kimya.

Tulipofika Namawojjolo, kituo cha njiani, wauza kuku wa kuchoma walitukimbilia na vijiti vyao kama kawaida. Konda akafungua mlango, hakuita kuku, akaita afande. Begi likamwagwa: koti jeupe, glavu, na karatasi yenye duara mbili, moja MUUAJI, nyingine MHANGA, katikati mshale: TUNDU HAPA. Afande akaisoma polepole kama hukumu.

"GZMB. Namba ya gari gani hii?"

"Afande, hiyo ni jeni."

"Jeni ni nani?"

"Siyo mtu, afande. Yumo mwilini mwangu. Hata mwilini mwako yumo."

Wauza kuku wakarudi nyuma hatua mbili.

Aliyeniokoa ni muuguzi wa kiti cha mbele, alieleza kwa Luganda sentensi tatu nikaachiwa. Bibi akataka kujua kama hao wauaji wangu watamsaidia kifua, kinamsumbua tangu Pasaka. Nikamwambia kikohozi kikipita wiki 2 aende apimwe kifua kikuu. Akanishukuru vizuri sana, kisha akahamia mbele kwa muuguzi.

Simu muda wote ilikuwa hewani. Swaibu hakukata, hakusema neno. Jioni ilikuwa kwenye stetasi yake.

Leo mama amenipigia kutoka Busia. Hakuuliza kama nilifika salama. Ameuliza Jeni ni nani, na kwa nini sijampeleka nyumbani.