Kufungasha wenyewe au kupokea kilichofungashwa?

Mafundi wenzangu wa kompyuta hapa Mwanza wamegawanyika: chuo chenye mashine nyingi za Linux, mfumo endeshi huria, kijifungashie programu zake, yaani kizitayarishe chenyewe ziwe faili za kusimika (vifurushi), au kipokee kama vilivyo vifurushi vya Debian, mradi unaosambaza Linux pamoja na programu zake?

Wanaotaka kujifungashia wana hoja. Intaneti ni ya kulipia, na mashine arobaini zikishusha masasisho yaleyale, bando linakata kabla ya saa nne asubuhi. Tena toleo imara la Debian hutoka takriban kila baada ya miaka 2, na mwalimu anataka programu mpya leo.

Hoja ya bando, hata hivyo, haihitaji kufungasha chochote upya. Seva moja yenye programu ya apt-cacher-ng hushusha faili mara moja, mashine nyingine zikachota humo, na kila moja bado inakagua saini za kidijitali za Debian, zinazothibitisha kuwa faili haijachezewa. Kusimika mfumo kwenye mashine nyingi kuna zana ya FAI, aliyoianzisha Thomas Lange mwaka 1999. Huko ndiko nguvu zetu ziende.

Kufungasha ni mzigo wa namna nyingine. Mwaka 2006 mtunzaji wa OpenSSL, programu ya usimbaji fiche, ndani ya Debian aliondoa mistari michache ya msimbo iliyokuwa ikileta onyo kwenye chombo cha ukaguzi. Hakuwa mzembe, aliuliza kwanza. Lakini kiraka chake, yaani badiliko hilo la msimbo, kiliua unasibu (hali ya kutotabirika) wa funguo za siri, zikabaki chache kiasi kwamba mtu angeweza kuzijaribu zote. Kosa liligunduliwa Mei 2008, tena katika mradi ulio wazi kwa dunia nzima. Kiraka tutakachobandika sisi Nyegezi, nani atakikagua?

Upande wa pili nao una jeraha lake. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aliona kuingia kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali, kumechelewa kama nusu sekunde, akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya XZ, programu ya kubana faili. Aliyeuweka, aliyejiita Jia Tan, alikuwa amejenga uaminifu katika mradi wa XZ kwa zaidi ya miaka 2. Kwa hiyo kupokea tu si kinga. Ila tazama undani wake: sumu ile iliamka pale tu ilipoona inafungashwa kuwa deb au rpm, aina mbili za vifurushi vya Linux, na Debian imara ilipona kwa sababu ilikuwa bado na toleo la zamani. Fundi aliyekimbilia upya na kujifungashia deb yake angeifungasha pamoja na sumu.

Pale soko la Mwaloni, Kirumba, mnunuzi wa dagaa huingiza mkono hadi chini ya gunia kutafuta mchanga. Anafanya hivyo kwa kila gunia, kila siku. Kifurushi kinataka mkono huohuo, na mikono yetu huhama. Mimi nimerithi seva yenye vifurushi kumi na moja vya kujifungashia: ufunguo wa saini umeisha muda, aliyevitengeneza yuko Dodoma.

Saba kati ya hivyo nilivikuta tayari vimo Debian, nikavifuta. Vitatu hakuna anayevitumia. Kimoja, cha mfumo wetu wa matokeo, hakipatikani popote pengine. Hicho nakifungasha mwenyewe, na maelezo ya kukijenga pamoja na ufunguo wake nimewakabidhi wenzangu wawili.