Yeye ni yeye, lakini shoga je?

Juzi barazani Kuze, Mji wa Kale Mombasa, baada ya Isha, kahawa ishazunguka mara mbili na kashata zimeisha, maneno yakafika kwa ile hukumu ya Uingereza ya tarehe 16 Aprili 2025, pale majaji watano wa Mahakama ya Juu waliposema kwa kauli moja kwamba neno mwanamke kwenye sheria yao ya usawa ya 2010 ni aliyezaliwa mwanamke. Kijana mmoja wa chuo akasema hiyo ni dhulma, mtu aitwe anavyotaka, viwakilishi vyake viheshimiwe. Mzee mmoja, seremala mstaafu, akamuuliza, "Viwakilishi gani mjukuu wangu? Si yeye tu?" Watu wote wakacheka.

Na kisarufi mzee alimmaliza hapo hapo. Mwingereza akitaka kusema amekuja, kwa kawaida huchagua kwanza, he wa kiume ama she wa kike, ndio aendelee. Waswidi nao wakatafuta neno la kutokea, hen, likaingia kwenye kamusi yao rasmi 2015. Sisi tunasema amekuja, basi. Nakumbuka nyanya yangu alikuwa na mtu wake wa kupiga hina na kupamba maharusi, mtu wa Majengo, alizaliwa mwanamume lakini mwendo, sauti, wanja, vyote vya kike, na mazungumzo ya pale nyumbani yalikuwa hivi: "Yuwaja leo?" "Keshakuja, yuko uwani." "Mwambie asiondoke hajala." Sasa hebu nitafutie jinsia hapo ndani. Miaka mingapi ile nyumba ilimtaja huyo mtu na hakuna siku hata moja lugha ilituuliza ni nani.

Lakini kuna watu wanaibeba hii yeye kama medali, ati Waswahili hatuna tatizo, haya mambo ni ya Wazungu na sarufi yao. Hapo nakataa. Yeye haijamzuia landlodi kumtoa mtu nyumba, wala haijamzuia makanga kumpigia mtu kelele stejini mbele ya abiria wote. Na pia si kweli kwamba lugha yetu ni kipofu, jinsia tumeificha mahali pengine tu. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, kitendo chenyewe ndicho kinakuuliza wewe ni nani. Halafu kuna maneno ambayo hayaangalii hata anayeitwa, yanaangalia anayeita. Wifi linatoka kwenye mdomo wa mwanamke. Na shoga, lile la asili, lilikuwa hivyo hivyo.

Sasa hili la shoga ndilo linanikera miaka yote na ndilo watu wa pande zote mbili wanaliruka. Nyanya alikuwa akiita kwa jirani juu ya ukuta, "Shoga weee, una bizari?" na jibu linarudi, "Ninayo shoga, mtume mtoto!" Lilikuwa neno la mapenzi, la wanawake peke yao, rafiki wa kike wa kuambiana siri. Leo dada yangu hawezi kulitumia, anasema besti. Nyanya alipofariki aliacha leso moja sandukuni, jina lake lina hilo neno, dada akajifunga siku moja kwenda dukani na kurudi kwake akaingia moja kwa moja chumbani akaifungua, akaikunja upya pindo ndani ili maandishi yasionekane, hakusema aliambiwa nini, wala hakuwa na haja. Neno lilikuwa lao, likachukuliwa likapewa wanaume wanaopenda wanaume wenzao, kwanza kama jina tu halafu likawa tusi, na hawa kinamama hakuna aliyewauliza. Na si mambo ya intaneti haya, Gill Shepherd yule mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti hapa Mombasa aliandika 1987 na hiyo maana nyingine tayari ilikuwa hapa.

Kwa hivyo mama wa umri wa mamangu akisikia kwamba huko ng'ambo neno mwanamke lenyewe linabishaniwa mahakamani, akasema hapana, hili msiniguse, mimi sioni chuki hapo. Naona mtu aliyewahi kuibiwa anaangalia komeo la mlango. Ukimwambia ana roho mbaya utakuwa humjui, manake huyo huyo ndiye aliyekuwa akisema asiondoke hajala. Anachokataa ni kupewa orodha ya maneno kama dawa, kijiko asubuhi kijiko jioni, na mtu wa semina ya hotelini ambaye keshokutwa anapanda treni ya SGR arudi Nairobi.

Upande wa yule kijana nao una uzito, na mzee aliupita haraka mno kwa kicheko chake. Mtu haishi barazani peke yake, kuna makaratasi. Audrey Mbugua, Mkenya transijenda, yaani alizaliwa mwanamume na anaishi kama mwanamke, ilibidi aende Mahakama Kuu kuishtaki bodi ya mitihani, ndio Oktoba 2014 ikaamriwa cheti chake cha sekondari, KCSE, kibadilishwe jina na alama ya jinsia iondolewe. Cheti cha shule jamani! Kama cheti kinasema mwanamume na aliyekaa mbele ya meza ya intavyuu ni mwanamke, kazi hupati hata ukiwa na A, na yeye yetu hapo haikusaidii lolote. Hili mimi sioni ugumu wake. Karatasi imeandikwa na serikali, serikali inaweza kuiandika tena. Hata hao majaji wa Uingereza walisema kwenye hukumu hiyo hiyo kwamba transijenda bado wanalindwa wasibaguliwe, lakini hiyo sehemu haikufika barazani kwetu.

Ila mdomo wa mtu si karatasi. Maneno mapya huingia yakipendwa. Shoga halikubadilishwa na bunge wala shekhe wala semina, lilibadilika vichochoroni bila ruhusa ya mtu, na hili linawauma pia wale wanaosema neno halibadiliki maana, wakati bibi kwa wengine ni mamake mzazi wako na kwa wengine mtu akisema bibi yangu unaangalia huenda ni mkewe. Na wengine wanachanganya khuntha na transijenda, kumbe khuntha ni aliyezaliwa na maumbile yasiyo wazi, mashekhe wanamjua zamani, vitabu vya fiqhi vina hesabu ya mirathi yake, na sensa ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza Kenya wakapatikana 1,524. Watu zaidi ya milioni 47 na hao ndio waliojitokeza, ama ndio waliokubali kuandikwa, manake karani anabisha hodi na mwenye kujibu ni baba mwenye nyumba.

Tukirudi barazani, kijana hakukata tamaa. Akamuuliza mzee, "Haya, akija hapa leo utamwita nani? Kaka ama dada?"

"Nitamwita kwa jina lake."

"Na akiwa amelibadilisha?"

Mzee akanywa kahawa yake. "Mie kitambulisho changu kina jina ambalo hapa halijui mtu. Mwaniita Bofulo tangu 1974."

Watu wakacheka tena, lakini safari hii kijana hakucheka, akasema hilo la Bofulo hakuna mtu aliyekupigia kelele nalo stejini. Mzee akakitua kikombe, akatafuta la kujibu, muuza kahawa akaanza kukusanya vikombe.