Fundo la Kaptula

Alfajiri ya mbio nilifunga kamba ya kaptula mafundo mawili, moja juu ya jingine, nikalikaza la pili mpaka likawa gumu kama kokoto. Sababu ilikuwepo. Kaptula ikilowa inakuwa nzito, ikiwa nzito inashuka, na mimi sikukusudia kuteremka mlima mkono mmoja ukiwa umeshika kaptula. Mbio zenyewe zilikuwa za kilomita 50 kwenye njia za milimani, na mvua ilikuwa imeanza kabla yetu.

Vifaa vya lazima nilikuwa navyo vyote. Koti la mvua ambalo mishono yake imezibwa kwa utepe upande wa ndani (bila utepe huo maji hupenya kwenye matundu ya sindano, hata kitambaa kiwe kizuri namna gani), taa ya kichwani na betri za akiba, filimbi, blanketi la dharura, lita moja ya maji, simu ndani ya mfuko wa plastiki. Viatu vyangu vilikuwa na meno ya milimita 6, maana kwenye tope meno mafupi ni sawa na kuvaa sahani. Mafuta ya mgando nilijipaka mapajani, kwapani na kwenye chuchu. Anayezisahau chuchu siku ya mvua humaliza na michirizi miwili myekundu kifuani, na picha hazifutiki. Mkaguzi wa vifaa aliniangalia kwa heshima. Glavu hakuzikagua, kwa kuwa hazikuwa kwenye orodha. Zangu zilikuwa za kitambaa chepesi, nzuri sana kwa kupungia watu mkono.

Tulipoanzia palikuwa na nyuzi joto 12, na kilele kilikuwa mita 1,400 juu yetu. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kule juu ningekuta nyuzi 4 hivi. Nikasema nyuzi 4 nazimudu. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, ila upepo sikuuhesabu.

Kilomita ya 18 nikajua glavu za kitambaa ni nini hasa. Zikishalowa hufanya kazi ya mtungi: maji yanakauka kwa upepo, yakikauka yanaondoka na joto, na kilichomo ndani kinapoa. Ni utaratibu mzuri sana kwa maji ya kunywa.

Vidole vikaanza kuuma, kisha vikaacha kuuma, na hapo ndipo pa kuogopa. Nilikuwa nimepanga kula gramu 60 za wanga kila saa. Nikatoa pakiti ya jeli. Pakiti imelowa, vidole vimekufa ganzi, kwa hiyo nikaitia menoni. Ikapasuka upande usiohusika na jeli yote ikanirukia kwenye nyusi. Nyusi zilipata nguvu sana. Wazoefu huzikata pembe za pakiti kidogo usiku wa kuamkia mbio, zibaki kumaliziwa kwa kuvuta tu. Wazoefu haohao hufunga uzi wenye kitanzi kwenye kila zipu, kitanzi cha kuingia kidole kizima. Mimi zipu ya koti niliipandisha kwa meno, na ndevu kadhaa zikapanda nayo.

Nikatoa simu niangalie ramani. Kwa mujibu wa kioo cha simu, tone la mvua nalo ni kidole. Vyangu havikutambuliwa, ila vya mvua vilitambuliwa vyote, na kabla sijaifikia ramani mvua ilikuwa imeshampigia bosi wangu. Jumapili, saa nne asubuhi. Alipokea. Alichosikia ni upepo na mtu anayehema.

Sasa tufike kwenye kibofu. Mwili ukipoa hubana mishipa ya damu ya ngozi, mikono na miguu. Damu inarudi katikati, shinikizo linapanda, na figo zinadhani maji yamezidi. Zinayamwaga. Unaweza usiwe umemaliza hata nusu lita na bado ukabanwa kana kwamba umekunywa pipa. Nikasogea kando ya njia, nikageuza mgongo, nikashuka mkono kwenye kamba.

Kokoto ilikuwa imevimba. Kamba ya nyuzi ikilowa hunenepa, na fundo halina pa kunenepea isipokuwa ndani kwa ndani. Nikajaribu kidole gumba na cha shahada: viligusana kama vijiti viwili vya kuazima. Nikavuta ncha moja, ikawa siyo, fundo likakaza zaidi. Kupitia pembeni haikuwezekana, kaptula ilikuwa na bitana ya kubana hadi nusu ya paja. Nikainama nijaribu meno, maana siku hiyo meno ndiyo yalikuwa mikono, na hapo nikajua urefu kamili wa shingo yangu. Mkimbiaji mmoja alipita akanikuta nimejikunja hivyo. Akapunguza mwendo kwa staha, akasema, "Amina, kaka," akaendelea.

Kituo cha huduma kilikuwa kilomita ya 24. Niliingia hemani mapaja yamebanana, hatua fupi fupi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unajisikiaje?"

"Fundo."

Yule mama alikuwa amefundishwa kazi yake. Baridi ikimwingia mtu mwilini, dalili ni hizi: anajikwaa, vitu vinamponyoka, anabwabwaja. Mimi nilijikwaa kwenye kamba ya hema, nikaangusha kikombe, nikasema fundo.

"Leo siku gani, mwanangu?"

"Mama, fundo!"

Akamwita mwenzake. Wakanivua koti, wakanizungushia blanketi la dharura, wakarudisha koti juu yake. Huo ndio mpangilio sahihi; blanketi likiwa nje linapepea tu na upepo unapita. Mikono wakaniwekea kwapani mwangu. Wanaoharakisha kuitia kwenye maji ya moto hukosea, kwa sababu ngozi yenye ganzi haijui inapoungua.

"Tulia hivyo dakika kumi."

"Mama, dakika kumi sina."

Akaniangalia usoni, akashuka macho hadi kwenye mapaja. Hakusema neno. Akafungua sanduku la huduma ya kwanza, akatoa mkasi wa bandeji, akakata.

Niliporudi kutoka nyuma ya hema, kaptula nimeishika kwa viwiko, alinivika glavu za mpira za sandukuni, na juu yake zangu za kitambaa zilizokamuliwa. Mpira unazuia maji na upepo, na baada ya robo saa vidole vilirudi vikiwa na hasira. Kisha akachomoa pini nne za namba yangu ya kifuani, namba akaichomeka chini ya mkanda wa begi, pini akazigawa kiunoni pote, akanipiga kofi la mgongo nikaondoka.

Kilomita ya 38 figo zikaanza tena. Nikajipapasa. Pini nne, mbili ziko mgongoni, na yule mama hakuwa mtu wa kufunga kitu ovyo.