Maji Machafu Tunayapeleka Wapi, Bosi?

Mchoro wa jiko letu la nje umekwisha, mchanga umemwagwa, matofali yamepangwa, roho yangu imetulia kabisa. Ndipo asubuhi hii fundi akajikuna kisogo na kuniuliza: "Bosi, na haya maji machafu ya sinki tunayapeleka wapi?"

Tunayapeleka wapi! Nyumba nzima ikanigeukia. Kwenye maswali ya namna hii ubosi wangu hurudi haraka sana. Kwenye kuchagua vigae nilivuliwa mapema.

Jamani, mimi nilitaka jiko la nje. Basi. Moshi ubaki uani, na joto lake libaki hukohuko. Kwenye picha za mtandaoni jambo lenyewe ni jepesi: meza ya jiwe, watu wanacheka, moto unawaka na hakuna hata mmoja anayefuta machozi. Nimezikagua picha zile kwa makini. Hazina moshi, hazina nzi, hazina shemeji.

Tuje kwenye kimo cha meza, maana hapo ndipo heshima yangu ilipoanza kumomonyoka. Fundi alisema meza ya jikoni kwa kawaida ni sentimita 90. Vizuri, jenga 90, twende zetu. Wapi! Mama watoto alishasoma mahali kwamba pa kukatia panatakiwa pawe chini ya kiwiko cha mpikaji kwa sentimita 10 hadi 15, la sivyo mgongo utalipa. Ni kweli, sibishi. Ila ukitamka "mpikaji" katika nyumba hii, umeshaitisha mkutano.

Tukapangwa mstari uani kama tunapimiwa sare, viwiko vimekunjwa, kila mtu kashika kisu cha kufikirika. Fundi anapita na futi kamba yake, ile ambayo ncha ilikatika zamani kwa hiyo inaanzia sentimita 3, na kila akipima anatoa tatu kwa sauti. "Kata, bosi, kata kama unavyokata siku zote." Mwanaume mzima, nina kitambi changu cha heshima, nimesimama juani nakata hewa. Mtoto wa jirani kapanda ukutani kutazama. Nikaikata ile hewa vipande vyembamba, nisije nikaonekana sijui kazi.

Mama mkwe, ambaye alikuja kutujulia hali na bado anatujulia, akasema yeye hupika ameketi, kwa hiyo apimwe ameketi. Akaletewa kigoda, akapimwa, ikaandikwa. Shemeji naye akatoka ndani, mswaki mdomoni, akajiunga mwisho wa mstari. Shemeji! Mtu ambaye maji yakichemka huita msaada. "Nipime na mimi," akasema, povu likimdondoka.

Fundi akachana mfuko wa saruji, akajumlisha juu yake, akagawanya kwa wanne. "Sentimita 81, bosi. Haki imetendeka." Kimo kisichomfaa hata mmoja wetu! Nikamuuliza kama hizo tatu za futi kamba zimeshatoka humo. Akautazama mfuko. Akatazama juu. Akasema zimetoka, nyingi zimetoka.

Nikapandisha sauti kidogo, nikaeleza kwamba mtu mrefu naye ana mgongo. Mama watoto akaniangalia taratibu. "Baba watoto, kwani utapika wewe?"

Fundi alikuwa na adabu ya kwenda kuhesabu matofali.

Tukaafikiana meza mbili, moja ya kusimama, moja ya kuketi. Yaani zege mara mbili. Na zege nalo linataka siku 28 lifikie nguvu yake, na siku za mwanzo limwagiliwe lisikauke haraka likapasuka. Zamu ya kumwagilia ni ya nani? Mnaijua nyumba yangu kwa sasa.

Mengine nayapitia tu, presha isije ikapanda. Bomba la moshi eti lizidi kwa sentimita 60 paa lolote lililo ndani ya mita 3, na paa lenyewe ni letu, lile tulilolinyanyua ili watu waone tumejenga. Mtungi wa gesi unataka kabati lenye matundu chini, kwa sababu gesi ile ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni. Shemeji anataka matundu yawe juu tu, anasema ndiko kunakopendeza. Mama mkwe kachagua jiwe jeusi la kufunika meza. Jeusi. Juani. Pa kuegemeza mikono.

Sasa hayo maji. Bomba lake linataka mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, na chemba ya kunasa mafuta kabla ya shimo, la sivyo mafuta yataganda humo ndani na kila kitu kuziba. Sawa. Lakini uani kwetu ardhi inateremkia nyumbani! Maji yakifuata akili zao yatatukuta sebuleni. Fundi anasema dawa ni kunyanyua sakafu ya jiko. Ukinyanyua sakafu, kibanda nacho kinyanyuke watu wasigonge vichwa. Kibanda kikinyanyuka, bomba la moshi nalo lirefuke. Likirefuka linataka nguzo ya kulishikilia. Na nguzo, fundi anasema bila hata aibu, haimo kwenye hesabu ya kwanza. Hesabu ya kwanza ilikuwa na nini basi? Ilikuwa na nini?

Jirani katokea, mikono nyuma, katikisa kichwa. "Mngeliweka upande ule." Upande ule, wenzangu, ni uani kwake. Nikamkumbusha toroli langu aliloazima. Akanikumbusha ngazi yake. Nikaita shemeji, shemeji anasema ngazi aliirudisha, ila si kwa huyu, kwa yule wa nyuma, kwa sababu ndiye aliyefungua geti. Yule wa nyuma anasema alidhani ni zawadi.

Tukiwa katikati ya kesi ya ngazi, wingu limejaa huko juu, saruji yote iko nje. Nikapiga kelele: turubai liko wapi? Fundi kanionyesha lundo la mchanga. Limetandikwa chini yake, bosi, mchanga usichanganyike na udongo.